Je, Uchache wa Kitu Ndio Thamani Yake?

Limetufikia swali katika darsa yetu ya hapa Rombo, nasi tumeona si vyema kulijibu kwa ulimi tu kisha likapotea. Waliokuwako usiku ule walitoka na fikira mbalimbali, na baadhi yao walitoka wamekasirikiana. Kwa hiyo tumeonelea kuliandika katika jarida letu hili, ili ndugu zetu walioko Loitokitok, Kajiado mjini na Kitengela walisome na kulipima pamoja nasi.

Habari yenyewe ni hii. Ndugu yetu mmoja, ambaye hatutamtaja jina ingawa ametupa ruhusa ya kuisema habari yake, ana duka dogo huko Kitengela. Kwa muda wa miaka kadhaa amekuwa akikusanya vigari vya madini, vile vidogo vitoshavyo katika kiganja cha mkono, vilivyofanana na magari ya kweli katika kila kitu. Vingine alivinunua madukani kwa bei ndogo. Lakini kimoja kilitengenezwa makusudi kwa ajili ya mkutano wa wakusanyaji huko Marekani, wala hakikuuzwa madukani. Hicho alikipata kwa mtu wa pili au wa tatu, kwa bei ambayo hapa kwetu ingemnunulia mbuzi wawili wazuri. Alipokuja nyumbani kwa Idi alikuja nacho awaonyeshe rika zake, akakiweka juu ya kabati katika kisanduku chake ambacho hakijapata kufunguliwa.

Mpwa wake, mtoto wa miaka mitano, alikiona. Ilipofika alasiri kisanduku kilikuwa kimechanwa, na kigari kilikuwa kikikokotwa ukingoni mwa mfereji pamoja na magari ya waya ya watoto wenziwe, yale wayatengenezayo wenyewe kwa waya na vipande vya ndara kuukuu. Mjomba mtu akampiga mtoto yule kipigo ambacho hakijapata kumpiga mtu. Mama yake akatoka ndani akamwambia, "Mwanangu, umempiga mtoto kwa kuwa amekichezea kichezeo?" Hakupata la kumjibu mama yake.

Usiku ule akaja darsani akauliza maswali mawili. La kwanza: kukusanya vitu hivi ni halali au ni haramu? La pili, nalo ndilo zito: mbona hasira yangu ilikuwa kubwa kiasi kile, ilhali gari lenyewe halikuvunjika, na kilichoharibika ni karatasi na plastiki ya kisanduku?

Wenzetu wakagawanyika mafungu mawili. Fungu moja likasema kwamba hii ni israfu tupu, na vigari vyote vifaa kuuzwa na fedha yake kutolewa sadaka. Fungu la pili likasema kwamba mali ni yake, ameichuma kwa jasho la halali, hakuiba wala hakucheza kamari, basi na aachwe. Nasi twaona kwamba mafungu yote mawili yamejibu swali la kwanza kwa upesi, na la pili hayakuligusa.

Ama kuchezea si jambo ovu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliona kwa Bibi Aisha vitu vyake vya kuchezea, na kati yake yumo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza habari ya farasi mwenye mbawa, naye akamjibu kwa hoja ya farasi wa Nabii Suleiman, na Mtume akacheka. Hakumkataza wala hakumwambia kwamba anapoteza wakati wake. Na tutazame alikuwa ni farasi wa namna gani: mbawa zake ni za matambara, na alikuwa ni wa kuchezewa. Basi hatuwezi kusema kwamba kigari ni kitu kiovu kwa kuwa ni kigari.

Yatupasa sasa tujue vitu hivi vimetoka wapi, kwani mtu hawezi kuhukumu asichokijua. Huko Uingereza, Dinky Toys za Liverpool zilipata jina lao mwaka 1934. Mwaka 1947 ikaundwa kampuni ya Lesney mjini London, na mwaka 1953, alipotawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, kampuni hiyo ikatengeneza gari dogo la farasi la kutawaziwa, nalo likauzwa zaidi ya milioni moja. Mwaka huohuo zikaanza Matchbox, vigari vilivyotoshea katika kisanduku mfano wa kibiriti. Corgi Toys zikafuata mwaka 1956, na Hot Wheels za Marekani mwaka 1968. Vyote hivi vilikuwa vitu vya watoto. Vilitengenezwa kwa mamilioni, na fahari ya watengenezaji ilikuwa kwamba mtoto wa maskini naye aweza kupata kimoja.

Hata sisi wa nchi hizi tumeingia katika historia hiyo. Kutawazwa kulekule kwa mwaka 1953 ndiko kulikoanzisha mbio za magari za Safari, zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye Corgi wakatoa Volkswagen ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1965, na pamoja nayo kifaru mdogo, kana kwamba dereva wetu hawezi kufika popote ila akutane na kifaru. Mwaka 1973 wakatoa Datsun 240Z ya Safari hiyohiyo, gari ambalo lilishinda mwaka 1971 na tena mwaka 1973. Watoto wa Ulaya walivichezea vigari hivyo mpaka rangi ikatoka, na vifaru wengi wakapotea. Ndiyo maana leo kigari kizima pamoja na kifaru wake na kisanduku chake ni kitu cha thamani kwa wakusanyaji.

Kisha mambo yakageuka. Watoto wale walikua, wakapata fedha, wakatamani kurudishiwa utoto wao. Wakaanza kutafutana na kukutana. Mwaka 1987 wakusanyaji wa Hot Wheels walifanya mkutano wao mkuu wa kwanza huko Toledo, katika jimbo la Ohio. Watengenezaji wakaona kwamba hapa pana biashara, vikawa vyatengenezwa vigari vya mikutano: kalibu ileile, lakini rangi nyingine, magurudumu mengine, na idadi iliyohesabiwa, na asiyehudhuria hapati ila kwa kununua kwa aliyehudhuria. Mwaka 1995 mlango ukafunguliwa hata madukani: wakatoa aina 12 za vigari vya kuwindwa, kila aina 10,000 tu, vikachanganywa na vingine rafuni ili watu wavitafute.

Hapa ndipo penye fundo la maneno yetu, nasi twaomba msomaji asipite kwa haraka. Vigari hivi hutengenezwa kwa zinki iliyochanganywa na madini mengine, ikayeyushwa na kusukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Kalibu moja yaweza kutoa vigari malaki kwa malaki. Basi vinapotolewa elfu chache tu, si kwamba madini yamekwisha, wala si kwamba mashine imeharibika. Ni kwamba mtu ameamua mashine isimamishwe, ili wengi wakose na wachache wapate, na wachache hao walipe zaidi kwa sababu ya kukosa kwa wengi.

Twaona kwamba uchache ni wa namna tatu, na kila mmoja una hukumu yake katika nyoyo.

Uchache wa kwanza ni ule aliouleta Mwenyezi Mungu. Sisi wa Kajiado hatuhitaji kufundishwa huo. Katika ukame wa miaka 2021 na 2022 tuliona ng'ombe wakifa mmoja baada ya mmoja, na mtu aliyekuwa tajiri akabaki na fimbo mkononi. Siku zile mtungi wa maji ulikuwa na thamani, na thamani yake ilikuwa ya kweli, kwani kiu ni ya kweli. Uchache huu humfundisha mtu subira na kugawana.

Uchache wa pili ni ule uletwao na wakati na matumizi. Volkswagen ya mwaka 1965 imekuwa adimu kwa sababu watoto waliitumia. Msahafu wa kale ulioandikwa kwa mkono umekuwa adimu kwa sababu watu waliusoma, na mvua na mchwa wakala iliyosalia. Anayekihifadhi kitu kama hiki amefanya wema, kwani anawahifadhia watu kumbukumbu yao.

Uchache wa tatu ni ule uliotengenezwa kiwandani kama bidhaa yenyewe. Mtu hanunui gari hapa, kwani gari lenye umbo lilelile laweza kupatikana dukani kwa bei ndogo. Anachonunua ni kukosa kwa wenzake. Na bidhaa hiyo hukaa ndani ya kisanduku, ndiyo maana kisanduku kikifunguliwa thamani hutoka kama moshi, ijapokuwa gari ni zima.

Sasa tumelifikia swali la pili la ndugu yetu. Hasira yake haikuwa ya gari, kwani gari halikuvunjika. Mtoto yule, bila kujua, alikuwa amekifanya kitu chake kuwa sawa na vitu vya watu wengine. Hilo ndilo lililomchoma. Na mtu akifika mahali ambapo usawa na wenzake humchoma kiasi cha kumpiga mtoto wa dada yake siku ya Idi, basi hapana budi asimame ajitazame.

Twampa yeye, na kila mkusanyaji, kipimo kimoja chepesi. Na ajiulize: lau kesho kiwanda kingetoa vigari milioni moja mfano wa hiki changu, kwa rangi yake na magurudumu yake, kila mtoto wa Rombo akapata kimoja, je, ningefurahi au ningehuzunika? Ikiwa atafurahi, au walau hatajali, basi anakipenda kigari, na mapenzi ya kitu kizuri si dhambi. Ikiwa atahuzunika, basi na ajue kwamba alichokuwa akikipenda si kigari bali ni kukosa kwa watoto wale. Na maradhi haya yana jina katika dini yetu na katika kila dini.

Twajua kwamba watatujibu, na majibu yao mengine ni ya haki. Watasema: mikutano hiyo huwakutanisha watu wasiojuana wakawa ndugu, na mingine huwa na mnada ambao fedha yake hutolewa kwa wahitaji. Hilo ni kweli, na ni jambo zuri. Watasema: mkusanyaji hujifunza historia na ufundi, na kazi hii humwepusha na ulevi na upuuzi mwingine. Hilo nalo ni kweli, na ndugu yetu huyu aweza kukueleza habari ya kila gari lake kwa namna ambayo wengi wetu hatuwezi kueleza habari ya babu zetu. Lakini yote haya ni fadhila za urafiki na elimu. Hakuna hata moja linalohitaji kwamba mtu mwingine akose.

Watasema tena: je, hii si ihtikari, ile ya kuficha bidhaa ili bei ipande, ambayo imekatazwa? Nasi twajibu kwa insafu, kwani si halali kuongeza haramu katika dini kama isivyo halali kuipunguza. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu pwani na bara, wamelifunga katazo hilo na vyakula ambavyo watu huishi kwavyo. Hakuna aliyekufa kwa kukosa kigari. Basi hatusemi kwamba ndugu yetu ni mhodhi wa kulaaniwa, na aliyesema hivyo darsani amepita mpaka.

Walakini kuna jambo moja ambalo wakusanyaji hawataki kuulizwa. Mara nyingi mke akilalamika kwamba fedha zimepotea katika vichezeo, mume humjibu, "Hivi si vichezeo, hii ni akiba; bei yake yapanda kila mwaka." Vyema. Ikiwa alivinunua kwa nia ya kuviuza, basi ni mali ya biashara, nayo ikifika kiwango na kutimiza mwaka hutolewa zaka, fungu moja katika arobaini, kwa bei ya soko la siku ile na si kwa bei aliyonunulia. Na ikiwa alivinunua kwa kuvipenda tu, basi havina zaka, lakini na asimwambie mkewe kwamba ni akiba. Mtu hawezi kuwa na hazina mbele ya mkewe na vichezeo mbele ya mafukara. Na achague moja, na ulimi wake uwe mmoja.

Tena na tuitazame ile bei yenyewe, jinsi isivyokuwa na akili. Kigari cha Hot Wheels kinachotajwa sana kwa bei yake kubwa ni Volkswagen ya waridi ya mwaka 1969, iliyobebeshwa mbao za kuchezea mawimbi nyuma yake. Imetajwa kuwa na thamani ya dola zaidi ya 100,000. Na kwa nini ni adimu? Kwa sababu ilikuwa ni sampuli tu, na ilipojaribiwa ilionekana kuwa nyembamba mno, haikwenda sawasawa katika njia yake, wakaiacha na kutengeneza nyingine pana zaidi. Yaani kitu kilichokuwa na bei ya chini kabisa siku ile kwa sababu hakikufaa, ndicho kilicho na bei ya juu kabisa leo kwa sababu hakikufaa. Hatusemi haya kwa dhihaka. Twasema ili tujue kwamba bei ni habari ya matamanio ya watu na si habari ya kitu. Yale magari ya waya ya ukingoni mwa mfereji, kila moja ni la pekee duniani, hakuna mawili yaliyofanana, na mikono iliyoyatengeneza ni ya watoto wa miaka minane. Hakuna atoaye hata shilingi kumi. Lau uchache peke yake ungekuwa ndio thamani, watoto wetu wangekuwa matajiri.

Na sasa, ndugu zetu, baada ya kumsema mwenzetu kwa kurasa hizi zote, yatupasa tujigeukie wenyewe. Siku ile darsani walikuwako watu waliopaza sauti zao kwa neno "israfu", ilhali wana ploti Kitengela walizozinunua miaka mingi iliyopita, wakazizungushia waya, wakaziacha. Hawajengi, hawalimi, hawampangishi mtu, wala hawamwachii mchungaji apitishe mbuzi wake. Wanangoja bei. Je, hiyo si gari ndani ya kisanduku? Tena kigari cha ndugu yetu hakikumkosesha mtu mahali pa kulala. Ardhi ya Kajiado haina kalibu, haitatolewa nyingine. Na kati yetu wako wenye makabati ya vitabu vya wazee wao ambavyo hawavisomi wala hawamwazimi mwanafunzi, kwa kuwa kikishikwashikwa kitachakaa. Mchwa hawaombi ruhusa. Ikiwa kipimo tulichompa mkusanyaji wa vigari ni cha haki, basi ni cha haki juu yetu pia: je, lau wenzangu wote wangekipata nilicho nacho, ningefurahi?

Suratu Takathur twaisoma sote katika Sala, na watoto wetu huihifadhi mapema kwa kuwa ni fupi. Inawaonya watu walioshughulishwa na kuzidiana kwa wingi mpaka wakafika makaburini. Pengine twadhani kwamba haitugusi, kwa kuwa hatuna wingi wa kitu. Lakini mtu aweza kuzidiana na wenziwe kwa uchache kama azidianavyo kwa wingi, kwani nia ni ileile: niwe nacho, na fulani asiwe nacho.

Basi jibu letu kwa ndugu yetu ni hili. Kukusanya kwako ni halali maadamu hujawadhulumu watu wa nyumbani kwako nafaka yao, wala hujakopa kwa ajili yake, wala hujaacha zaka iliyokuwajibikia. Usiviuze kwa kuogopa maneno ya watu, wala usivichome. Lakini usinunue tena kitu ambacho uzuri wake wote ni kwamba mwenzako hana. Na kwa mtoto yule, nenda ukamtake radhi, ijapokuwa ni mdogo, kwani mdogo aliyepigwa bila ya haki hasahau.

Tumeletewa habari kwamba alikwenda kabla ya kurudi Kitengela. Mtoto alimrudishia kigari kwa hofu, amekipangusa vumbi kwa shati lake. Mjomba akamwambia ni chako, kichezee. Mtoto akamuuliza kama aweza kukifunga kamba, kwa sababu magari ya wenziwe yana kamba na lake halina. Akamtafutia kamba mwenyewe.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atutie katika waja wake wanaofurahi kwa neema ya wenzao, na atuepushe na kuyapenda yale ambayo utamu wake ni machungu ya watu wengine. Na mwenye hoja dhidi ya haya tuliyoyaandika na atuletee, nasi tutaichapa bila ya kuipunguza. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.